Mfungo wa Salamu

Siku Feliksi alipoacha kusalimia watu, mke wake Rahabu alidhani anaumwa jino. Alimwona anatoka uani asubuhi, taya ameikaza, midomo ameibana, anampita Mzee Asumani aliyekuwa akifagia mbele ya mlango wake, anampita kama mtu apitavyo nguzo ya umeme. Mzee Asumani alibaki na ufagio mkononi na salamu mdomoni. Rahabu aliingia jikoni, akatafuta karafuu, akamkimbilia mumewe nazo hadi barabarani. Feliksi alizitazama zile karafuu, akamtazama na mkewe, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akaenda zake kazini.

Jino halikuwa na tatizo lolote. Feliksi alikuwa na wito.

Mtu asiyeijua Buzebazeba, mtaa wao wa Kigoma, atauliza salamu nazo ni kitu gani hata zisimuliwe. Huyo hajawahi kuishi na Waha. Pale mtu hasalimiwi kwa kutupiwa neno moja huku miguu inaendelea na safari. Unasimama. Unainama kidogo, unapiga makofi ya taratibu, viganja umevikunja, unauliza mwenzio alivyoamka. Naye anapiga makofi, anakujibu, anakuuliza ulivyoamka wewe, mnakwenda kwa watoto, kwa wagonjwa, kwa mihogo iliyoko shambani, na hapo ndipo kila mmoja anakumbuka alikokuwa anakwenda. Anayepita bila salamu ama amefiwa na bado hajamwambia mtu, ama ana ugomvi na wewe. Sababu ya tatu haipo, au haikuwapo mpaka Feliksi alipoivumbua.

Alikuwa seremala na, tusimnyime haki yake, seremala mzuri. Vitanda vyake havilii. Lakini kitanda ni kitu cha kulalia, na Feliksi hakuamini kwamba alizaliwa ili watu wengine walale. Tangu ujana wake alikuwa na hakika kuwa kuna jambo kubwa linamngoja mahali fulani, na tatizo ni hapo mahali penyewe. Aliwahi kuwa mfuga nyuki. Mizinga aliichonga mizuri kupita kiasi, nyuki wakaingia kwa furaha, wakamuuma siku moja kwenye kope, na ufugaji ukaishia hapo. Aliwahi kuwa mwalimu wa kwaya, na kwaya ikagawanyika, na vile vipande viwili vikakubaliana jambo moja tu, kwamba hawamtaki. Aliwahi kugombea uenyekiti wa mtaa. Kampeni yake ilimpendeza kila mtu isipokuwa wapiga kura. Kila jambo lake lilianza kwa vishindo na kuisha kimyakimya, na kila lilipoisha alirudi kwenye randa na msumeno na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Katika yote hayo alikuwa na mtu mmoja tu aliyemwamini bila kuuliza, naye ni mama yake.

Mama Honorata alizaliwa Mwamgongo. Mumewe alipotelea ziwani Feliksi akiwa bado ananyonya, akamlea mtoto huyo peke yake kwa kuanika dagaa mchangani, mgongo umepinda tangu jua linachomoza. Sasa miguu ilikuwa imemgomea na macho yameingia ukungu. Alikaa katika chumba cha uani, juu ya kitanda alichochongewa na mwanawe. Kila asubuhi Rahabu alimketisha, akamwekea mto mgongoni na kumfunga kilemba, na Feliksi, kabla hajagusa kikombe cha chai, aliingia mle, akachuchumaa, akapiga makofi na kusema, "Mwakeye, mama." Basi hapo mama alifunguka. Alipiga makofi yake, akamwitikia, akamuuliza habari za usiku, za mbao, za wateja, za goti lake lililokuwa likimsumbua. Siku yake ilianzia hapo. Kabla ya salamu hiyo hata chai hakuitaka.

Rahabu alikuwa na sababu zake za kumpenda bibi huyo kuliko alivyompenda mtu mwingine yeyote katika nyumba ile. Yeye alivushwa ziwa akiwa mtoto wa mgongoni, vita ilipowakimbiza watu wa upande wa Baraka, kule Kongo, akakulia Ujiji. Feliksi alipompeleka nyumbani kumtambulisha, shangazi zake waliuliza, kwa sauti ya kusikika hadi nje, kama wasichana wa Kiha wamekwisha duniani. Mama Honorata hakuwajibu. Alimketisha Rahabu mkekani, akamshika mikono, akamwonyesha jinsi ya kukunja viganja ili makofi yatoe mlio mnene. "Sasa niamkie," akamwambia. Rahabu akamwamkia. Mama akamwitikia salamu nzima, mwanzo hadi mwisho, kisha akawageukia wale shangazi akasema, "Huyu ni wa hapa." Na kweli, tangu siku hiyo akawa wa pale.

Wito wenyewe ulikuja Jumapili. Mchungaji Meshack alisimama akatangaza kwamba vijiji fulani vya ng'ambo, upande wa Kongo, vinahitaji watu wa kujitolea, watu wa kwenda kukaa huko, kufundisha neno na kujenga kanisa, bila mshahara, kwa upendo tu. Feliksi alisimama kabla sentensi haijafika kwenye upendo. Mchungaji akawaita hao wanaokwenda kufikiwa "watu wasiofikiwa", na waumini wakaguna kwa uchungu. Rahabu alikuwa kwenye benchi la akina mama na alikisikia kijiji kinatajwa. Ndiko alikozaliwa mama yake mzazi.

Kaka yake, Heritier, aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao, na kazi yake ilikuwa kuvuka na sabuni na vitenge na kurudi na mawese. Alipoelezwa habari za watu wasiofikiwa alikuna kichwa.

"Mimi nafikaka kule kila mwezi," akasema. "Sasa ile nafikaka ni wapi?"

Feliksi hakumuuliza swali hata moja. Huyo hapo alikuwa mtu anayejua njia, lugha, jina la mwenye boti na jina la mbwa wa chifu. Na kitandani mwake mwenyewe Feliksi alikuwa na binti wa kijiji hicho hicho. Lakini mtu aliyeitwa kutoka juu hawezi kuanza kuuliza mashemeji. Siku ambazo anga ilisafika, milima ya ng'ambo ilionekana wazi kutoka mtaani, rangi ya bluu, na watoto waliihesabu kwa mchezo. Feliksi alikuwa akisimama kuitazama, mikono nyuma, akihema kama mtu anayeitazama mwisho wa dunia.

Kisha yakaanza maandalizi ya kiroho. Mchungaji aliwaambia wale watatu waliojitolea wafunge mchana, wasome, wasali, waweke redio pembeni, na juu ya hayo kila mmoja atoe sadaka ya kitu kimoja anachokipenda. Winfrida, muuguzi aliyestaafu, mwanamke mwenye mwili na akili zake, aliacha soda. Kijana mmoja wa duka la dawa aliacha mpira wa televisheni. Feliksi alizisikia sadaka hizo akaona aibu kwa niaba yao.

Yeye alianza kwa kulala sakafuni, ili azoee mazingira magumu. Rahabu alilala kitandani peke yake kwa raha ambayo hakuwa ameipata tangu aolewe. Kisha akala ugali wa muhogo mkavu bila mboga, kwa mazoezi, ugali ambao Rahabu alikuwa ameula utoto mzima bila kujua kwamba anafanya mazoezi. Akakataa chandarua, akapata malaria, akaiita jaribu. Lakini yote hayo hata mtu mwingine angeyaweza, na hilo ndilo lililomkera. Alitaka kitu ambacho katika Kigoma nzima hakijawahi kutolewa na mtu. Akatafuta katika Maandiko mpaka akaliona lile agizo ambalo wanafunzi waliotumwa walipewa, kwamba wasisimame njiani kusalimiana na watu. Alifunga kitabu kwa kishindo. Rahabu, aliyekuwa akichambua dagaa, aliruka.

Hivyo ndivyo alivyofunga salamu. Kuongea aliongea, tena sana kuliko zamani. Alikuwa tayari kukuhubiria mpaka maharage yaungue jikoni. Alichokataa ni kuamkia na kuamkiwa.

Mtaa ukachanganyikiwa. Mteja aliyetoka Kagunga, safari ya boti tangu alfajiri, aliingia karakana akapiga makofi kwa heshima zote, na fundi akamjibu, "Mlango wa futi ngapi?" Mteja akaenda kuagiza mlango wake kwa fundi mwingine. Mwanamke wa genge la jirani akawa na hakika kwamba Feliksi amesikia yale aliyoyasema juu yake, akaja kuomba radhi kwa maneno ambayo hakuna aliyekuwa ameyasikia, na sasa mtaa mzima ukayasikia. Mzee Asumani, mtu wa msikitini, Mmanyema wa Ujiji wa kale, aliyemwazima Feliksi msumeno wake wa kwanza, alivumilia wiki nzima, kisha akavaa kanzu safi akaja kukaa barazani kwa Rahabu.

"Mwanangu," akasema, "kama nimemkosea mumeo, nitajie kosa. Mimi ni mtu mzima, nitatubu. Lakini asinipite vile."

"Hujamkosea, baba. Amefunga."

"Amefunga nini?"

"Amefunga salamu."

Mzee Asumani alivua kofia, akaivaa tena. Alikuwa amefunga Ramadhani zisizo na idadi na hakuwahi kukutana na hiyo. "Haya," akasema mwishowe, akainuka. "Mungu amfungulie."

Heritier yeye alisema wazi, tena mbele ya Feliksi mwenyewe. "Shemeki, kule kwetu mutu mwenye hasalimie watu, wanamuita mulozi. Watakufukuza na mawe mbele ufungue kinywa." Feliksi alitabasamu kwa upole, akasema mitume nao walipigwa mawe. Hapo Heritier akamtazama dada yake, naye Rahabu akatazama pembeni, kwa sababu kicheko kilikuwa kimemfika kooni na hakutaka kumpa mumewe heshima ya kuteswa kwa kuchekwa.

Mpaka hapo ilikuwa vichekesho tu. Halafu ikafika kwa mama, ambaye mpaka hapo bado alikuwa akiamkiwa.

Rahabu hakudhani ingefika huko. Asubuhi ya kwanza alimketisha bibi kama kawaida, akamfunga kilemba, akaenda kuchochea moto. Feliksi alitoka, akanawa uso uani, umbali wa hatua chache kutoka mlango wa chumba ule. Rahabu alimsikia mama anakohoa kile kikohozi kidogo cha kumwambia mtu kwamba ameshaamka na yuko tayari. Feliksi akajifuta uso. Akapita.

"Rahabu," mama aliita. "Feliksi ameamka salama?"

"Salama, mama. Ameitwa haraka kazini."

Aliudanganya uzee ule mara ya kwanza, na mara ya pili, na baada ya hapo uongo ukamwishia. Mama naye akaacha kuuliza. Alikuwa anakaa na mto wake mgongoni, uso ameuelekeza mlangoni, na nyayo za mwanawe zilipokaribia viganja vyake vilijikunja vyenyewe mapajani, tayari. Nyayo zilipopita alivikunjua. Chai ikawa inapoa. Siku moja Rahabu alipochukua kilemba, bibi akamshika mkono.

"Acha tu," akasema. "Unamfungia nani?"

Rahabu alitoka mle ndani na kilemba mkononi. Alimkuta Feliksi nyuma ya nyumba, amekaa juu ya gogo, Maandiko magotini, uso umejaa nuru ya kujitakia.

"Kwa nini humwamkii mama?"

"Unajua kwa nini."

"Maandiko yanasema njiani. Wewe mwenyewe ulinisomea. Njiani! Chumba cha mama yako ni njia?"

Feliksi alifikiri. Ilikuwa wazi kwamba swali hilo hakuwahi kujiuliza, na ilikuwa wazi pia kwamba amelipenda. "Maisha yote ni njia," akasema.

"Basi na choo nacho ni njia, usiingie!"

"Unaumia," akasema kwa sauti ya upole ambayo ilimfanya Rahabu atake kumtwanga na mwiko. "Na mimi naumia. Nikipita pale moyo unakatika, Rahabu. Hiyo ndiyo gharama yenyewe. Kama haiumi si sadaka."

"Inamuuma nani? Wewe uko hapa unasoma. Yeye ameacha chai!"

Aliinamisha kichwa, na midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa anamwombea mkewe. Rahabu aliona kwamba akiendelea kusimama pale atafanya dhambi itakayomfurahisha mumewe kwa mwaka mzima, akaondoka.

Jumapili iliyofuata Feliksi alisimama kutoa ushuhuda. Alisimulia habari za mama aliyemlea peke yake, dagaa mchangani, mgongo uliopinda, akasimulia kikohozi cha asubuhi, hata kikohozi, jinsi anavyokisikia na jinsi anavyopita. "Nimemwachilia hata mama," akasema, na sauti ikamkatika mahali pazuri kabisa. Kanisa likalipuka kwa makofi. Rahabu alikuwa katikati ya makofi hayo, mikono ameifumbata. Alifikiri juu ya viganja vya bibi vinavyojikunja na kujikunjua kule uani, na jinsi watu hawa walivyokuwa wanavipigia makofi bila kuviona, na akamchukia mume wake waziwazi, kama mtu anavyochukia mwizi.

Baada ya ibada alimfuata Mchungaji Meshack nyuma ya kanisa. Mchungaji alimsikiliza, kwanza akacheka, halafu akaacha.

"Mimi sikumtuma kwenye hilo," akasema. "Lile agizo maana yake ni haraka, mama. Mtu amebeba ujumbe wa uzima, asikae njiani kupiga soga. Ni hilo tu. Siyo kumnyima mzazi salamu."

"Basi mwambie."

Mchungaji aliangalia viatu vyake. "Nitamwambia. Lakini si sasa. Umeona kanisa leo lilivyowaka? Ushuhuda wake umeinua watu waliolala. Nikimzima yeye nazima na wengine." Alipoona Rahabu anavyomtazama akaongeza haraka, "Isitoshe, hakuna atakayevuka bila baraka ya mzazi aliye hai. Ni sharti. Siku ya kuondoka tutakuja wote nyumbani, atamwamkia mama mbele ya kanisa, mama atambariki, yataisha."

Rahabu alirudi nyumbani na neno hilo, yataisha, na hakumwambia mtu. Alihesabu kwamba angalau mama ataipata salamu yake, hata kama ni moja, hata kama ni mbele ya ngoma. Alianza kuingoja siku hiyo kuliko Feliksi mwenyewe alivyoingoja.

Siku ilifika, na asubuhi hiyo mama alimshangaza.

"Ni leo anavuka?" akauliza.

"Ni leo, mama."

"Nifunge kilemba. Kile cha Pasaka. Tuna wageni."

Rahabu alimvalisha vizuri, akampaka miguu mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za chikichi, na wakati anampaka bibi aliuliza bei ya dagaa sokoni, akauliza kama mke wa Heritier ameshajifungua, akalaumu kwamba mafuta haya yameungua kidogo. Akili yake ilikuwa safi kama maji ya kisimani. Alikunywa na chai.

Kanisa lilikuja kwa pikapu ya kukodi, ngoma juu yake, akina mama wamevaa vitenge vya sare. Feliksi alitoka akiwa na shati jeupe na begi mgongoni. Amekonda, amependeza. Watu walijaa uani, wengine wakachungulia dirishani, na Mchungaji akaingia kwanza katika chumba cha bibi, akainama.

"Mama Honorata, tumekuja na mtoto wako. Mfungo umekwisha, safari imefika. Anaomba baraka."

Feliksi aliingia, akachuchumaa mahali pale pale alipokuwa akichuchumaa miaka yote. Alikunja viganja akapiga makofi. Mlio wake ulikuwa ule ule, mnene, na Rahabu, aliyekuwa amesimama kichwani mwa kitanda, alihisi machozi yanampanda.

"Mwakeye, mama."

Mama alipiga makofi yake, taratibu, kwa adabu zote.

"Mwakeye, mgeni," akasema. "Karibu. Umetoka wapi?"

Feliksi alitabasamu kidogo, akawaangalia wenzake.

"Ni mimi, mama. Feliksi."

"Feliksi wa nani?"

"Wako, mama. Mwanao."

"Wangu ninamjua," mama akasema, bila hasira, kama anayemwelekeza mtu njia. "Wangu huniamkia kila asubuhi. Hayupo siku nyingi sasa, na hakuniaga, sijui alikoelekea. Kama mnavuka ziwa mkamkuta huko, mwambieni mama yake bado anaamka."

Winfrida, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa mkono. Mchungaji Meshack alikohoa, akasema mama amechoka, kwamba umri ni umri, na kama hatajali, lile suala la baraka. Mama Honorata hakujali. Aliinua mikono yake miwili akawaombea wote safari njema, upepo mzuri, na chakula huko waendako, wote kwa pamoja, pale chumbani na pale dirishani, Feliksi akiwa mmoja wao tu. Mchungaji akasema amina kwa nguvu mno. Sharti lilikuwa limetimia. Nje mtu akaipiga ngoma.

Feliksi alibaki amechuchumaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya ndoa yao Rahabu alimwona hajui afanye uso gani. Midomo ilifunguka, na Rahabu, pamoja na dharau yake yote, alimsihi moyoni: sema tena. Kaa hapo hapo, mpumbavu wewe, sema tena. Lakini wimbo ulikuwa umeshaanza uani, wimbo wa kumsindikiza yeye, wenye jina lake ndani, na Feliksi hakuwahi maishani mwake kuusikia umati unamwita akabaki ameketi. Aliinuka, akajipangusa magoti. Alipompita mkewe mlangoni alimnong'oneza:

"Mama amezeeka. Akili zimeanza kumwacha. Umwangalie."

Akatoka. Pikapu ikanguruma, vigelegele vikashuka nayo barabara ya kwenda mwaloni Ujiji, ambako boti ilikuwa inangoja.

Rahabu alirudi chumbani. Alidhani atamkuta bibi amelala, au ameshinda, kwa sababu kwa maoni yake alikuwa ameshinda. Kanisa zima lilikuwa limepewa jibu ambalo yeye Rahabu asingeweza kulitunga hata angepewa mwaka. Alitaka kumwambia hivyo. Lakini mama alikuwa ameketi vile vile, uso mlangoni, na viganja vyake mapajani bado vilikuwa vimekunjwa.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, mama."

"Ameniamkia mara moja."

"Ndiyo, mama."

"Mtu aliyekosa huamkia mara ya pili," bibi akasema. "Hata mtoto mdogo anajua. Usipomwitikia ya kwanza, anaamkia tena. Nilikuwa nangoja ya pili, Rahabu. Ya pili ningemwitikia." Sauti yake ilipasuka. "Ningemwitikia yote. Nilikuwa nimeshaipanga."

Rahabu hakuvaa hata kandambili. Alitoka mbio, akaruka karo, akashika barabara ya kuteremka ziwani kuiwahi boti, kitenge amekikamata kwa mkono mmoja. Mwanamke wa genge alimpigia makofi ya asubuhi, yeye akampita. Mzee Asumani alisimama mlangoni kwake akamwita, "Mwanangu, kuna nini? Umeamkaje?" naye akampita. Akawapita wauza dagaa, akampita Heritier aliyekuwa akifunga mzigo kwenye baiskeli, akawapita watu wote wa Buzebazeba waliosimama kumwangalia, wala hakumsalimia mtu.